Mbio za njiwa Nairobi: jinsi ya kuzipanga Jumamosi msije mkagombana Jumapili

Njiwa wa kwanza kutua huenda asiwe mshindi. Ukielewa hilo, umeelewa kwa nini karani wa mbio za njiwa hubeba daftari nene kuliko la mweka hazina wa chama cha akina mama.

Farasi huanza mstari mmoja na kumaliza mstari mmoja, refa amesimama pale pale. Njiwa huachiliwa pamoja, halafu kila mmoja anakwenda kwao: huyu Kitengela, yule Ruiru, mwingine juu ya paa la ghorofa Eastleigh. Mwisho wa mbio uko nyumbani kwa kila mshindani, na shahidi ni mwenye njiwa mwenyewe. Hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Nimelishika daftari hilo misimu kadhaa. Malalamiko niliyoandika humo, karibu yote, yalitokana na mambo manne: umbali uliopimwa ovyo, saa isiyokwenda sawa, pete isiyoeleweka, na njiwa walioachiliwa asubuhi ambayo hawakufaa kuachiliwa. Matatu ya kwanza huharibu urafiki. La nne huua njiwa, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Hatua ya kwanza: pima mabanda

Mshindi hupatikana kwa kasi: umbali kutoka mahali pa kuachilia hadi bandani, ukigawanywa kwa muda aliotumia njiwa. Tunaandika mita kwa dakika. (Waingereza wengi bado wanahesabu kwa yadi, ukiona jedwali lao usishtuke.)

Chukua mbio za kutoka Mtito Andei. Banda la Kitengela liko kama kilomita 190 kwa mstari ulionyooka, la Ruiru kama 217. Njiwa wameachiliwa saa moja kamili asubuhi. Wa Kitengela anaingia bandani dakika 158 na nusu baadaye. Wa Ruiru anaingia saa nne kamili, yaani dakika 180. Kitengela wameshapiga simu nusu ya mji. Sasa gawanya: 190,000 kwa 158.5 ni mita 1,198.74 kwa dakika. 217,000 kwa 180 ni mita 1,205.56. Ruiru ndiye mshindi, ingawa mwenzake alitua dakika ishirini na moja na nusu kabla yake.

Kwa kasi hiyo njiwa anakata mita 20 kila sekunde. Ukikosea banda la mtu kwa mita 200, umempa au umemnyang'anya sekunde kumi, na nimeona mshindi na wa tatu wakitenganishwa na chini ya hizo. Kwa hiyo usikubali mwanachama akutumie alama ya ramani aliyoibonyeza akiwa kitandani. Watu wawili wasio na undugu naye waende, wasimame kwenye mlango njiwa anapoingilia, wasubiri simu itulie chini ya anga wazi, waandike digrii za latitudo na longitudo kwa tarakimu tano baada ya nukta. Warudi siku nyingine wapime tena. Mabanda yote yapigiwe hesabu kwa programu moja, maana programu mbili zinaweza kutofautiana na kila mtu ataichagua inayompendeza.

Angalia pia alama ya kutoa. Nairobi iko kusini ya ikweta, Isiolo iko kaskazini. Ukisahau kistari hicho kidogo mbele ya latitudo, banda la Kasarani linahamia karibu na Maralal, na mwenye banda anakuwa bingwa wa Kenya nzima. Mwanachama akihama, hata kutoka Umoja mpaka Donholm, apimwe upya kabla ya mbio inayofuata.

Hatua ya pili: pete

Kinda huvishwa pete ya chuma isiyo na kiungo akiwa na umri wa wiki moja hivi. Vidole bado ni laini, inapita. Siku chache baadaye mguu umenenepa na pete hiyo haitoki tena bila kukatwa. Juu yake kuna herufi za chama, mwaka na namba. Hicho ndicho kitambulisho cha njiwa maisha yake yote, na ndicho kinachothibitisha umri kwa mbio za makinda.

Karani aandike pete alizouzia kila mtu, kwa mfuatano. Njiwa akiuzwa, karatasi ya kuhamisha iwekwe sahihi na pande zote mbili. Njiwa asiye na karatasi asiingie kwenye kreti. Usimhurumie mtu hapa, hata kama ni shemeji yako.

Hatua ya tatu: saa

Saa za zamani za kimekanika, akina Benzing na Toulet, bado ziko kwenye kabati za wazee na zinafanya kazi. Njiwa huvishwa pete ya mpira usiku wa kuamkia mbio, na anaporudi mwenyewe huivua, huitia ndani ya saa na kuzungusha mkono: muda unachapwa kwenye karatasi. Saa zote zilinganishwe na saa moja kuu mbele ya watu, zifungwe kwa lakiri, na baada ya mbio zilinganishwe tena na ile ile. Iliyokimbia inarudishwa kwa uwiano. Kama saa imekimbia sekunde 40 ndani ya saa 20, na njiwa alichapwa saa ya 15, mpunguzie sekunde 30 tu, si 40. Watu wengi hukosea hapo na kumpa mtu zawadi isiyo yake.

Mfumo wa kielektroniki hauna mambo hayo. Njiwa huvaa pete yenye chipu, anakanyaga antena mlangoni, muda unaingia wenyewe. Unachohitaji ni betri, kwa sababu stima haina adabu na inaweza kupotea Jumamosi saa nne kasorobo. Kifaa kitakacholala nyumbani kwa mtu kiwe kimefungwa na klabu usiku wa usajili, na kifunguliwe na klabu. Kumbuka pia kwamba chipu husoma mlangoni. Njiwa aliyetua juu ya mabati akajikuna dakika nne bado hajafika, hata kama mtaa mzima unamwona. Kumfundisha kuingia ni kazi ya mfugaji.

Klabu ndogo isiyo na saa za aina yoyote inaweza kutumia simu: video moja isiyokatwa, inaanza njiwa akiwa mlangoni, inaonyesha namba ya pete, inamalizia kwenye saa ya mtandao. Tumefanya hivyo na tukaishi.

Jambo la mwisho kuhusu saa ni la kwetu sisi. Mtu anapiga simu: "Ameingia saa tatu na dakika kumi na mbili." Karani wa kwanza anaandika 09:12. Karani wa pili, aliyesomea shule ambayo Kiswahili kilikuwa kosa, anaandika 3:12. Msimu mmoja kosa hilo lilitulaza klabuni mpaka saa tano za usiku, na nusu ya waliokuwepo hawakuona kosa liko wapi. Kanuni yetu tangu siku hiyo: kwa mdomo sema unavyotaka, kwenye karatasi ni tarakimu za saa 24, na sekunde.

Hatua ya nne: njia na tarehe

Upepo wa Nairobi hutoka mashariki karibu mwaka mzima, ukielemea kaskazini-mashariki wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na kusini-mashariki wakati wa kusi, katikati ya mwaka. Njiwa anayetoka Voi mwezi wa nane anasukumwa mgongoni. Anayetoka Nanyuki siku hiyo hiyo anapigwa usoni. Upepo hauingii kwenye hesabu ya kasi, lakini unaingia kwenye matokeo: ukivuma wa ubavuni, kundi lote linapelekwa upande mmoja wa mji, na mabanda ya upande huo yanakula vizuri.

Kuna na tatizo la kundi. Njiwa hawapendi kuruka peke yao. Mabanda ishirini yakiwa Eastlands na mawili Karen, kundi linavutwa Eastlands na wale wawili wanapaswa kukatika peke yao dakika za mwisho. Hakuna fomula ya kusawazisha jambo hilo, na anayekuletea moja anataka kukuuzia kitu. Dawa ni mbili. Kwanza, gawa matokeo kwa kanda pamoja na yale ya jumla, mtu wa Karen ashindane pia na wa Lang'ata. Pili, badilisha njia katikati ya msimu: mbio tatu kwa upande wa Mombasa Road, kisha tatu kwa upande wa Nakuru au Nanyuki. Aliyekuwa wa mbele anakuwa wa nyuma. Wengine hushikilia njia moja kwa sababu njiwa wao wameizoea. Ndiyo, na mabanda yao pia yamekaa vizuri kwa njia hiyo.

Kwa umbali wa mstari ulionyooka hadi katikati ya jiji, Naivasha ni kama kilomita 76, Emali 114, Nakuru 136, Nanyuki 147, Isiolo 200, Voi 300, Mombasa 440. Panda ngazi polepole. Njiwa wa mbio huenda kilomita 60 hadi 80 kwa saa upepo ukiwa umetulia, kwa hiyo Mombasa ni siku nzima ya kazi, na pia ni kupanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,700. Wachache tu wanaiweza.

Epuka Aprili na Novemba kwa sababu ya mvua. Kuhusu Julai, soma hatua ya sita na ya saba. Mimi napenda Januari na Februari: anga ni bluu, jua liko wazi. Kasoro yake ni joto la kule chini Mtito na Voi, na ndege wa kuwinda waliohamia huku kukimbia baridi ya Ulaya na Asia.

Hatua ya tano: Ijumaa jioni

Usiku wa usajili, hakuna anayeshika njiwa wake mwenyewe. Kila mtu anasajili wa mwenzake: mmoja anashika, mmoja anasoma pete kwa sauti, mmoja anaandika. Njiwa mwenye macho yenye machozi, pumzi ya kukoroma, shingo inayopinda au kinyesi cha kijani chenye maji arudi nyumbani. Kideri hakisubiri matokeo. Kreti moja inatosha kukigawa kwa mabanda yote.

Kisha muhuri wa siri. Chagua neno fupi au namba usiku ule ule, igongwe kwa wino chini ya bawa la kila njiwa, na isitajwe kwenye kundi la WhatsApp. Njiwa wa tuzo akifika, mwenye njiwa lazima asome kilichoandikwa. Unaona ni utoto? Mwaka 2017 kule Uchina, mbio kutoka Shangqiu hadi Shanghai, wanaume wawili walikuwa wamewafuga njiwa wao miji yote miwili. Njiwa walipoachiliwa wakaenda zao kwenye banda la Shangqiu, palepale. Wenye njiwa wakawatia kwenye maboksi ya maziwa, wakapanda treni ya kasi, wakawaachilia Shanghai. Kasi yao ilikuwa ya ajabu mno, wenzao wakashuku, na mwaka uliofuata mahakama ikawahukumu kifungo cha nje. Sisi tuna SGR na Probox. Muhuri peke yake usingewazuia wale, kwa sababu njiwa walikuwa wale wale. Kilichowaumbua ni kulinganisha kasi. Kwa hiyo karani akiona njiwa amewazidi wenzake kwa pengo lisilo na maelezo, asimamishe zawadi, aende bandani.

Dawa za kuongeza nguvu nazo zipo. Mwaka 2013 sampuli za njiwa wa Ubelgiji zilipelekwa maabara ya Afrika Kusini, sita zikakutwa na dawa zilizokatazwa: tano za kutuliza maumivu, na moja kokeini. Klabu ya Nairobi haina pesa za kupeleka kinyesi maabara kila wiki. Inachoweza kufanya ni kumtaka kila mwanachama aandike dawa aliyompa njiwa na tarehe yake, na kumkataza kumsajili njiwa aliye katikati ya matibabu. Mtu anaweza kudanganya, lakini sasa atadanganya kwa maandishi na sahihi yake.

Kreti zisijazwe. Kipimo changu: kila njiwa aweze kugeuka na kulala bila kumkanyaga jirani. Madume na majike watenganishwe, vinginevyo wataamka wamechanwa. Maji yapatikane njiani. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na haibagui ng'ombe na njiwa.

Hatua ya sita: nani anaachilia

Hapa ndipo ningekuomba usome mara mbili. Mtu mwenye mamlaka ya kusema "leo hatuachilii" asiwe na njiwa kwenye kreti. Asiwe mwenyekiti, asiwe mfadhili, asiwe dereva anayelipwa kwa siku. Mtafute mfugaji aliyepumzika msimu huo, au mzee aliyeacha kushindana, umlipe nauli na chakula, na uandike kwenye kanuni kwamba uamuzi wake haukatiwi rufaa siku ile. Mnaweza kumtoa mwisho wa msimu. Asubuhi ya mbio, simu zinazompigia zisimtishe.

Nasema hivi kwa sababu ya asubuhi moja ya Julai. Klabu siitaji jina, na mimi nilikuwa ndani. Njiwa 84 walikuwa Naivasha, mbio fupi, kitu cha saa moja na ushei. Mawingu yalikuwa yameshuka kama yanavyoshuka Nairobi mwezi huo, dari ya kijivu kutoka Ngong hadi Thika. Aliyekuwa na kreti alikuwa na njiwa wake humo. Kwenye kundi la WhatsApp mtu akaandika, "Achilia bwana, tuna mazishi saa tano." Mwingine akakumbusha kwamba gari limelipiwa siku moja tu. Mimi nilikuwa na watatu mle. Nikaandika "sawa." Ilipofika jioni walikuwa wamerudi 31.

Hatua ya saba: kuachilia au kungoja

Njiwa anatumia jua kama dira, na jua likifichika anategemea zaidi usumaku wa dunia. Mtafiti William Keeton alionyesha mwaka 1971 kwamba njiwa waliofungwa sumaku walipotea siku za mawingu, ilhali siku za jua wenye mazoezi walijipata. Kwa hiyo mawingu mazito hayamzuii njiwa mzuri moja kwa moja, ila yanamwondolea chombo kimoja, na makinda hawajaujua vizuri ule mwingine. Kipimo cha wazee ni rahisi: simama uwanjani utafute kivuli chako. Hukioni? Keti, unywe chai.

Ukiwa na kivuli, piga simu njiani. Uwanja wa kuachilia unaweza kuwa na jua zuri na katikati ya safari kukawa na ukuta. Kwa mbio za upande wa Nakuru, ukuta huo ni ukingo wa Bonde la Ufa: Kinungi, Kinangop, Limuru, zaidi ya mita 2,200, mahali ambapo hata madereva wa matatu huwasha taa saa tatu asubuhi. Tuna mzee wetu Limuru tunayempigia kila mara.

"Shikamoo mzee. Ukungu ukoje leo?"

"Marahaba. Ng'ombe wangu namsikia, simwoni."

Hapo hatuachilii. Tunampigia tena baada ya nusu saa, mpaka atakapotuambia anaona miti ya upande wa pili wa bonde. Uwe na watu wawili au watatu wa namna hiyo kwenye kila njia, na waandike jina la kitu walichokiona, si "kuzuri" tu. Linganisha na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa na ripoti za viwanja vya ndege vya Wilson na Jomo Kenyatta, ambazo hutaja urefu wa mawingu na upepo bila kumwonea mtu haya.

Upepo wa kichwani mkali peke yake si sababu ya kuahirisha kwa wakubwa waliofanya mazoezi, lakini kwa makinda ungoje utulie. Mvua njiani ni hapana. Radi ya mchana nayo ina ratiba yake wakati wa mvua, ndiyo maana saa ya mwisho ya kuachilia iandikwe kabla ya msimu: kwetu ni saa nne asubuhi kwa Nakuru, saa tatu kwa Voi. Njiwa wa Voi akiwa na kasi ya mita 1,000 kwa dakika anahitaji saa tano, na akipata upepo wa usoni anahitaji zaidi ya sita. Jua Nairobi linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Mwachie nafasi ya kunywa maji njiani.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi. Mwishoni mwa Machi na Septemba, jua la saa sita mchana liko utosini kwetu. Jua la utosini halimwonyeshi mtu upande, wala njiwa.

Wengine hutazama pia dhoruba za sumaku zinazotoka kwenye jua, zile zinazopimwa kwa kipimo cha Kp, kutoka 0 hadi 9. Mimi hutazama. Ikifika 5 na mawingu yapo, nangoja. Ikifika 5 na anga ni safi, simwambii mtu, naachilia wakubwa. Si kila kupotea kuna jibu. Mwaka 1997 Waingereza waliachilia njiwa kama 60,000 kutoka Nantes, Ufaransa, kusherehekea miaka mia ya chama chao. Hali ya hewa haikuwa mbaya, na bado makumi ya maelfu hawakufika. Mwanasayansi mmoja baadaye alihusisha jambo hilo na ngurumo ya Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kuliko kasi ya sauti, iliyokuwa ikipita juu ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza muda ule ule.

Uwanja wenyewe uwe wazi, bila nyaya za stima upande wa kuondokea, na mbali na viwanja vya ndege. Mwambie chifu na mwenye shamba mapema. Gari likifika, kreti zishushwe kivulini, njiwa wanywe maji, wapumzike angalau nusu saa. Tazama angani dakika kumi nzima: ukiona kozi anazunguka, subiri aende zake, maana atachagua mmoja na kuwasambaratisha tisini. Mwewe si shida sana kwa njiwa mzima, yeye huokota wachovu. Kisha fungua milango yote kwa mpigo mmoja. Ukiachilia kreti moja moja umetengeneza mbio tano ndani ya mbio moja.

Piga video tangu kabla ya milango kufunguka, ikionyesha saa, anga na kivuli chako, uitume kwa wote kwa wakati mmoja. Asiwepo mtu aliyejua dakika tano kabla ya wengine.

Ikishindikana mpaka saa ya mwisho, njiwa walale huko au warudishwe kwa gari. Wakilala, wapewe chakula na maji, na siku ya pili ikigoma warudi nyumbani. Pesa za akiba kwa ajili ya siku hiyo ya ziada zichangwe mwanzoni mwa msimu pamoja na ada. Kukosa shilingi elfu chache za gari ndiko kulikotuponza Naivasha.

Hatua ya nane: njiwa anapofika

Mfugaji aripoti njiwa wake wa kwanza ndani ya dakika kumi: namba ya pete, muda, na muhuri wa bawa. Anayeripoti saa mbili baadaye akisema simu haikuwa na chaji anaweza kuwa mkweli, lakini kanuni haiwezi kujua. Klabu ichague mabanda mawili kwa kura asubuhi ile ile, itume shahidi kwenye kila moja bila kutangaza. Mashahidi wapewe chai na wenyeji, wasipewe njiwa.

Saa na vifaa vifunguliwe klabuni jioni hiyo mbele ya wote. Malalamiko yaandikwe, yaambatane na ada ndogo inayorudishwa ukishinda, na yapokelewe ndani ya siku tatu. Wasikilizaji wawe watatu, na mwenye njiwa kwenye nafasi tano za kwanza asikae nao.

Njiwa mgeni akitua kwako, mpe maji, soma pete, mtafute mwenyewe. Watoto wa jirani waambiwe mapema pia, kabla sufuria haijawekwa jikoni.

Hatua ya tisa: safu ya mwisho

Karatasi ya matokeo iwe na jina, pete, umbali, muda, kasi. Halafu ongeza safu moja ambayo wengi huiacha: waliosajiliwa, waliorudi siku hiyo, waliorudi baadaye, wasiorudi. Ibandikwe pamoja na jina la aliyeachilia na saa aliyoachilia. Msimu ukiisha, na mnataka kujua kama mwachiliaji wenu anafaa, msiulizane nani alishinda. Someni safu hiyo.

Iache wazi mwezi mzima. Ile karatasi ya Naivasha niliifunga mapema mno. Siku ya ishirini na mbili nilikuta dume langu la bluu kwenye ubao wa kuingilia, mkia umenyofoka nusu, anapiga mlango kwa mdomo. Ilibidi nichukue kalamu nikate 53, niandike 52.